Akili mnemba na asaimenti: maswali ninayoulizwa Dodoma kila muhula

Nafundisha stadi za mawasiliano na mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilishika chaki miaka kadhaa kwenye sekondari ya kata wilayani Kongwa. Maswali haya hunifuata kila mahali: ofisini, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata steshenari za Ng'ong'ona ninapokwenda kutoa kopi na kukuta vijana wamepanga foleni kuprinti kazi ambazo baadhi yao hawajazisoma. Nimeyakusanya hapa na majibu yangu. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe linaniuma.

Hivi akili mnemba (AI) inajua, au inakisia?

Inakisia, kwa ustadi mkubwa. Programu kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi mno na kutokana nayo zimejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiuliza swali, inapanga neno moja baada ya jingine mpaka jibu litimie. Ndiyo maana jibu lake hunyooka hata pale linapokuwa la uongo. Jambo ambalo watu wameliandika sana italijibu vizuri. Jambo ambalo wazee walilisimulia tu barazani, italijazia maneno ya jumla yanayofaa kila mahali. Hilo lishike, tutalirudia hapo chini.

Kwa hiyo nikiitumia kwenye asaimenti nimeiba?

Inategemea umeituma kufanya nini. Ukiiomba ikufafanulie dhana iliyokupita darasani, au ikutungie maswali ya kujipima kabla ya testi, sina ugomvi na wewe. Umefanya kama aliyemfuata kaka wa mwaka wa tatu akamwomba amwelekeze. Ukiiamuru iandike insha nzima, kisha juu ukaweka jina lako na namba ya usajili, huo ni udanganyifu.

Katikati pana eneo ambalo kila mwalimu ana msimamo wake, kwa hiyo muulize kabla ya kuanza. Mimi natumia kipimo kimoja. Nikikuita sasa hivi, nikaifunika karatasi yako, utanisimulia ulichoandika na kwa nini umekiandika hivyo? Ukiweza, kazi ni yako. Ukibaki kunitazama, kuna mwingine aliyeifanya, awe rafiki, ndugu au simu.

Mbona watu wanadesa, yaani wananakili kazi za wenzao, tangu zamani? Kwa nini kelele ziwe sasa?

Ni kweli. Kazi za mwaka jana zilikuwa zikirithishwa bweni kwa bweni, na walikuwepo watu waliokuandikia ripoti kwa malipo, muhtasari hadi hitimisho. Akili mnemba haikuleta tamaa hiyo.

Ila desa lilikuwa na gharama yake. Ilibidi umtafute mwenye nalo, umbembeleze, ulinakili kwa mkono au ulichape upya, ubadilishe hapa na pale ili mwalimu asishtuke. Katika kuhangaika huko kitu fulani kiliingia kichwani hata kwa mvivu. Sasa kazi ya wiki mbili inakamilika daladala ikiwa bado haijafika mjini, na kichwani hakuna kilichoingia. Zaidi ya hapo, desa la mwenzako nilikuwa nalikamata kwa kuweka karatasi mbili sambamba. Hii ya sasa kila mtu anapewa maneno yake.

Mwalimu, Kiingereza changu kibovu. Naandika Kiswahili halafu naiambia itafsiri. Hilo nalo ni kosa?

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi, na anayeliuliza mara nyingi ndiye mwanafunzi mkweli kuliko wote darasani.

Tuseme ukweli. Mtoto wa Mvumi au Chamwino anaweza kuwa amekua na Kigogo nyumbani, akasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta Biolojia, Jiografia na Historia zote zimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Wengi hawakuvuka mto huo, walijifunza kukaa kimya. Anafika chuoni ana mawazo mazuri kabisa, lakini akiambiwa aandike kurasa tano kwa Kiingereza anatetemeka. Siwezi kumwita mwizi kwa sababu amepata kitu kinachomtoa aibu.

Lakini nitamuuliza: somo linapima nini? Kama ni stadi za mawasiliano, ambako alama zinatolewa kwa namna unavyojenga sentensi, basi ukimpa mwingine azijenge umenidanganya moja kwa moja. Kama ni somo la udongo, ushirika au mipango ya maendeleo, alama nyingi zinatokana na hoja. Hapo ningeruhusu, kwa masharti matatu. Rasimu ya Kiswahili itunze, tena yenye tarehe. Tafsiri isome neno kwa neno, na neno ambalo huwezi kulieleza litoe, uweke unalolijua. Mwisho wa kazi andika wazi: "Niliandika kwa Kiswahili, nikatumia programu fulani kutafsiri, nikahariri mwenyewe." Sentensi hiyo moja inakuondoa kwenye kundi la wadanganyifu. Kabla ya hayo yote pata ridhaa ya mwalimu wa somo, kwa sababu wapo wasioruhusu kabisa na wana haki hiyo.

Na nikuombe kitu kingine. Siku moja kwa wiki andika aya moja ya Kiingereza bila msaada wowote, ikiwa mbovu vilevile ilivyo, ulete. Mficha uchi hazai. Ninaowakumbuka waliokuja na aya zao mbovu mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu waliandika ripoti zao wenyewe. Waliojificha nyuma ya tafsiri walibaki palepale, na siku ya usaili wa kazi simu inaachwa nje ya mlango.

Uligunduaje kazi yangu imeandikwa na mashine?

Mara nyingi kazi yenyewe hunijulisha kwa kile kisichokuwemo. Muhula mmoja nilitoa kazi kuhusu mmomonyoko wa udongo mkoani Dodoma. Kijana mmoja akaleta kurasa nne safi, vichwa vidogo vimepangwa, kila aya na mapendekezo yake: elimu itolewe, miti ipandwe, wadau washirikishwe. Ungeweza kufuta neno Dodoma ukaweka jina la mkoa wowote na hakuna ambacho kingeharibika.

Kijana huyo kwao ni Haubi, Kondoa. Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa serikali wa kuzuia mmomonyoko ambao watu huufupisha HADO, ilianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililokuwa limeliwa na makorongo, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Haubi imo humo. Nikamuuliza, "Babu yako alifuga?" Akasema ndiyo. "Ng'ombe wake walienda wapi?" Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kusimulia: namna walivyoswaga mifugo kupeleka kwa ndugu nje ya eneo, namna bibi alivyolia, namna miaka ya baadaye nyasi na miti vilivyorudi kwenye vilima ambavyo yeye mwenyewe amevikuta vya kijani. Alizungumza dakika ishirini. Hakuna hata sentensi moja ya hayo iliyokuwemo kwenye karatasi yake.

Nilihuzunika kweli. Alikuwa na hazina nyumbani, akaenda kuomba chenji kwa mgeni.

Linganisha na Kongwa. Ukiuliza mashine kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, itakujibu vizuri: mvua zisizotabirika, udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zilizovunjika. Inajibu vizuri kwa sababu Waingereza waliandika mno kuhusu hasara yao. Yaliyowakuta Wagogo waliokuwa wakiishi humo yameandikwa kidogo sana, na mashine nayo inakuwa bubu hapo. Ndiyo maana siku hizi asaimenti zangu nazitoa upande huo wa bubu.

Kuna dalili nyingine?

Zipo, lakini hakuna hata moja iliyo ushahidi. Kwa Kiswahili utasikia sentensi zenye harufu ya tafsiri: "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi", "lina jukumu muhimu katika". Utakuta mambo yamepangwa matatumatatu kila aya. Utakuta mkulima wa zabibu wa Hombolo anashauriwa apogoe mizabibu majira ya theluji yanapokwisha, wakati hapa mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na theluji tunaiona kwenye televisheni. Dalili zinanifanya nimwite mwanafunzi tuongee. Hazinipi ruhusa ya kumhukumu.

Vyanzo ilivyonipa nimevikuta havipo. Vimetoka wapi?

Vimekisiwa kama maneno mengine. Mashine inajua jina la mwandishi linafananaje, mwaka unakaa wapi, jarida linaitwaje, basi inaunda. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Hao ni mawakili wenye leseni. Chanzo ambacho hujakifungua kwa mikono yako usikiandike.

Kipimaji, ile programu ya kutambua maandishi ya mashine, kimesema kazi yangu imeandikwa na AI, na naapa niliandika mwenyewe. Nifanyeje?

Kwanza, pole sana. Pili, huenda unasema kweli, na mwalimu wako anapaswa kulijua hilo.

Vipimaji hivi hutazama kama maneno yako yanatabirika. Anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu hutumia maneno ya kawaida na sentensi fupi anazoziamini, kwa hiyo anaonekana "anatabirika" kama mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vipimaji saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, walitoa kipimaji chao Januari 2023. Kwa hesabu yao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya kukosa usahihi. Ikiwa waliotengeneza wameshindwa, mimi na wewe tutaegemea wapi?

Nami niliwahi kuangukia humo. Binti mmoja alileta insha iliyonyooka kuliko nilivyomtarajia. Nikaiweka kwenye kipimaji cha bure, kikatoa asilimia kubwa, nikampa sifuri bila kumuuliza. Alikuja ofisini na daftari la kaunta. Ndani mlikuwa na rasimu tatu kwa kalamu ya bluu, mistari imefutwa, mishale imechorwa pembeni, na sentensi ileile niliyoishuku imeandikwa mara nne mpaka ikakaa sawa. Alinisalimia shikamoo kwa adabu, akalifungua daftari mezani, akasubiri. Nilimrudishia alama zake na nikamwomba radhi mbele ya darasa lilelile lililosikia amepata sifuri. Bado najilaumu kwamba kosa lake pekee lilikuwa kuandika vizuri.

Basi wewe fanya kama yeye. Tunza rasimu. Ukiandikia Google Docs, historia ya mabadiliko inajihifadhi yenyewe, saa kwa saa, onyesha hiyo. Omba kuulizwa maswali ya mdomo juu ya kazi yako. Usipaze sauti, na usikubali kukiri usilofanya ili mambo yaishe. Ukikwama, kuna mkuu wa idara, kuna serikali ya wanafunzi, na kuna utaratibu wa rufaa kwenye sheria ndogo za chuo. Zisome.

Nikiipitisha kwenye programu ya kubadilisha maneno, itakamatika?

Huenda isikamatike. Utakuwa umedanganya mara mbili na bado hujajifunza kitu.

Tuko kumi kwenye kikundi, mmoja kaandika yote kwa ChatGPT. Sisi wengine tuna kosa?

Majina yenu yamo kwenye jalada, kwa hiyo ndiyo. Najua ilivyo: kazi za kikundi zilikuwa zikifanywa na mmoja au wawili, wengine wanachangia hela ya kuprinti. Sasa hata huyo mmoja amejiuzulu, kazi anafanya simu. Kwangu kila mjumbe anaeleza sehemu yake mbele ya darasa, na simpangii nani ataeleza ipi mpaka asubuhi ile. Kama umegundua mwenzenu ameleta ya mashine, mwambieni kabla ya kukusanya. Akigoma, niandikieni ujumbe. Siku hiyo hamtakuwa mmesaliti mtu, mmejiokoa.

Mwalimu, mimi ni mzazi. Mwanangu yuko kidato cha pili, likizo anafanya kazi zake na simu yangu. Nimnyang'anye?

Mzazi wangu, usianze na kunyang'anya. Kaa naye. Huhitaji kujua Kiingereza wala hesabu za kidato cha pili. Mwambie, "Haya mwanangu, nieleze mimi kwa Kiswahili ulichoandika hapa." Akieleza ukaelewa, mpongeze. Akiyumbayumba, mrudishe kwenye daftari lake na kitabu, simu ikae kwako mpaka amalize rasimu yake, ndipo aichukue akalinganishe majibu.

Kumbuka pia kwamba kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani hakuna simu chumbani. Mtoto aliyezoea kubebwa miaka minne atakutana na karatasi ya kidato cha nne akiwa peke yake na kalamu. Mtoto wa shule ya kata anayetembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, ambaye kwao hakuna simu janja, anaweza kumzidi siku hiyo kwa sababu mkono wake umezoea kuandika. Nimeliona hilo Kongwa kwa macho yangu.

Mwalimu mwenzangu, una ushauri? Nina wanafunzi mia mbili na siwezi kumhoji kila mmoja.

Pole na kazi. Nami sihoji wote. Ninaokota majina kumi na tano bila mpangilio kwa kila asaimenti, na darasa zima linajua hivyo tangu wiki ya kwanza. Kila mmoja dakika tatu, maswali mawili: "Kwa nini ulichagua mfano huu?" na "Ungeongeza nini kama ungekuwa na ukurasa mmoja zaidi?" Hiyo ni chini ya saa moja. Woga wa kuitwa unafanya kazi kubwa kuliko kuitwa kwenyewe.

Kazi igawe. Wiki ya kwanza nataka mpango wa nusu ukurasa, ulioandikwa kwa mkono darasani wakati mimi nimesimama pale. Wiki ya tatu rasimu, ya tano kazi kamili. Anayebadilika kutoka mpango wa mistari mitano yenye kusuasua hadi insha ya kiprofesa nitamwona bila kipimaji chochote.

Halafu badilisha maswali. "Jadili umuhimu wa ushirika" ni swali linaloomba kujibiwa na mashine. Mtume mwanafunzi soko la Majengo amuulize mama mmoja muuza nyanya alipata wapi mtaji, faida inakwenda wapi, na akikopa anakopa kwa nani, kisha alinganishe na nadharia uliyofundisha. Wanafunzi wangu walilalamika siku ya kwanza. Waliporudi hawakuacha kuongea.

La mwisho, na hili nawaambia wenzangu kwa upendo: tusitumie ChatGPT kutunga maswali na kusahihisha, kisha tuwakaripie watoto kwa kuitumia kujibu. Ukiitumia, waambie umeitumia wapi.

Nikikamatwa adhabu yake nini?

Kila chuo kina kanuni zake, na nyingi zinaweka udanganyifu wa kitaaluma kundi moja na kuiba kazi ya mtu. Unaweza kupewa sifuri ya kazi hiyo, kurudia kozi, au kufika kamati ya nidhamu. Pale ambapo alama za kozi ni 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60, kufutiwa asaimenti moja kubwa kunatosha kukupeleka sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu zikizidi unajua zinaelekea kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Sikutishi, nakupigia hesabu tu.

Nimetoka fildi na mahojiano ya wanakijiji. Naweza kuyaweka kwenye ChatGPT yanichambulie?

Ukiyaweka na majina, namba za simu na habari za ndani za watu, umeyatoa nje bila wao kukubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ondoa kila kinachomtambulisha mtu, na muulize msimamizi wako kwanza. Mama aliyekukaribisha nyumbani kwake Bahi akakueleza madeni yake alikuamini wewe.

Nimeshakusanya kazi iliyoandikwa na AI na roho inanisuta. Nimechelewa?

Kama alama hazijatoka, hujachelewa. Nenda mwenyewe kabla hujaitwa, usimtume CR, kiongozi wa darasa. Sema kwa ufupi: "Mwalimu, kazi niliyoleta sikuifanya mimi, naomba niifanye upya." Huenda ukakatwa alama, na huenda mwalimu wako akawa mkali kuliko mimi.

Mimi walikuja wanne muhula uliopita. Kila mmoja nilimpa karatasi tupu, nikamkalisha kwenye benchi la nje ya ofisi chini ya mwarobaini, nikamwambia aandike anachokijua kuhusu mada, kwa lugha anayoiweza. Watatu waliandika Kiswahili. Mmoja alijaza pande mbili akaomba karatasi nyingine.